Siku saba za tanga katika visiwa vya Whitsunday: tathmini ya chombo cha kukodi bila nahodha

Katika wiki ya mwisho ya Agosti tulikodi katamarani, yaani chombo cha tanga chenye miili miwili iliyounganishwa kwa sitaha moja, tukasafiri nayo siku saba katika visiwa vya Whitsunday, pwani ya jimbo la Queensland nchini Australia. Tulikuwa watu sita: mimi na mke wangu, kaka yangu na mkewe, na watoto wao wawili wenye umri wa miaka 11 na 14. Chombo kilikodiwa bila nahodha, kwa hiyo usukani ulikuwa mikononi mwangu tangu siku ya kwanza. Nilipokuwa nikipanga safari nilisoma maelezo mengi yaliyosifu vitanda, jiko na upana wa sitaha, na karibu hakuna lililonieleza jambo ambalo baadaye niliona kuwa ndilo la msingi: kwamba katika visiwa hivi ratiba ya likizo hupangwa na maji kupwa na kujaa, na upepo, na kimo cha jua angani, na kwamba kampuni iliyo nzuri ni ile inayokufundisha kuisoma ratiba hiyo kabla hujang'oa nanga. Kwa kipimo hicho, kampuni tuliyoitumia, ambayo sitaitaja, ilifanya kazi nzuri sana katika mafunzo, ikafanya kazi ya kuridhisha katika chombo chenyewe, na ikaanguka katika mambo mawili ambayo nitayaeleza bila kuyapunguza.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba huko mtu hadaiwi cheti cha unahodha ili akabidhiwe chombo cha aina hii. Kampuni humuuliza uzoefu wake, humpa mafunzo, humtazama akikiendesha chombo, kisha huamua kama aende peke yake au apewe nahodha wa siku moja mbili za mwanzo. Nilifika na hofu kwamba mafunzo hayo yangekuwa maonyesho ya swichi za taa na bomba za maji. Swichi tulionyeshwa, lakini kwa robo saa tu. Muda uliobaki, karibu asubuhi nzima, mwalimu wetu, mama wa makamo aliyezungumza polepole na kurudia kila neno la hatari, aliweka mezani ramani ya bahari, jedwali la maji na kalamu nyekundu, akaanza kutuuliza maswali.

Swali lake la kwanza lilikuwa juu ya nanga. Katika visiwa hivi, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa kiasi kikubwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji yaliyokupwa na yaliyojaa inaweza kukaribia mita 4. Mtu akitia nanga mchana katika kina cha mita 5, maji yakiwa yamekupwa, usiku atakuwa juu ya mita 9, na mnyororo uliotosha mchana hautatosha tena. Alitutaka tuhesabu mnyororo kwa kina cha maji yatakapojaa, kisha tuzidishe mara tano. Mtoto wa kaka yangu, yule wa miaka 11, ndiye aliyepata jibu kwanza, na tangu siku hiyo alikuwa mwenye jedwali la maji katika safari yetu yote.

Baada ya hapo alieleza masharti ya kampuni: kutosafiri usiku, kutotweka tanga upepo unapozidi noti 25 (maili 25 za baharini kwa saa), kuitikia redio ya mawasiliano asubuhi na alasiri, na kuwa tumekwisha kutia nanga ifikapo saa kumi alasiri. Nimesoma wageni wakilalamikia sharti hili la mwisho kana kwamba wameporwa jioni zao. Mimi nalitetea. Jua likishashuka, mng'ao wake hulala juu ya maji na kuyafanya yawe kama bati, na mwamba uliokuwa ukionekana wazi saa sita mchana, wa rangi ya kahawia katikati ya maji ya samawati, hupotea kabisa machoni. Zaidi ya hayo, nanga ikiburura saa kumi, bado kuna mwanga wa kuing'oa na kuitia upya. Ikiburura saa moja usiku, hakuna. Tulifundishwa kumweka mtu mmoja omo, yaani mbele ya chombo, kila tulipokaribia miamba, amevaa miwani ya jua inayokata mng'ao, na kuyasoma maji kwa rangi yake: buluu iliyoiva ni kilindi, kijani kilichopauka ni mchanga, na kahawia ni matumbawe.

Kalamu nyekundu ilitumika mahali pawili. Kwanza ilizungushwa Cid Harbour, ghuba tulivu sana upande wa magharibi wa kisiwa cha Whitsunday, ambako mwaka 2018 papa waliwashambulia watu watatu, mmoja wao akafariki. Kutia nanga humo kunaruhusiwa. Kuogelea, mwalimu alisema, hata mguu msitie. Pili ilipigwa msitari kwenye Solway Passage, mlango mwembamba ulioko kusini mashariki mwa kisiwa hicho, ambako mkondo huenda kwa kasi na maji hujiviringa. Huko tuliambiwa tupite maji yakiwa yamesimama, kati ya kujaa na kupwa, au tusipite kabisa.

Visiwa vyenyewe ni 74, na vingi havina mkazi. Ni vilele vya milima iliyozamishwa bahari ilipopanda baada ya zama za barafu, ndiyo maana vina misitu na miteremko mikali inayoshuka hadi majini, tofauti na visiwa vya mchanga vilivyo bapa ambavyo watu wengi huvifikiria wanaposikia habari za matumbawe. Jina lao limetokana na nahodha James Cook, aliyepita mlango wa bahari wa visiwa hivi Juni 1770 na kuuita kwa siku ya Pentekoste, ambayo kwa Kiingereza huitwa Whitsunday, lakini kabla yake watu wa Ngaro walikuwa wakivuka maji haya kwa maelfu ya miaka. Usiku wetu wa kwanza tulitia nanga Nara Inlet, ghuba ndefu inayoingia ndani ya kisiwa cha Hook, na asubuhi tukapanda njia fupi hadi kwenye pango lenye michoro yao. Ningemshauri kila anayepanga safari hii aanzie hapo. Maji yametulia, nanga hushika vizuri katika matope, na watu wasiozoea bahari hupata usiku mmoja wa kulala vyema kabla chombo hakijaanza kwenda mrama.

Kuhusu majira, kuanzia Aprili hadi Septemba upepo wa kusini mashariki huvuma kwa uthabiti, mara nyingi kati ya noti 15 na 20, nao ndio unaoleta raha ya tanga. Kati ya Septemba na Novemba hupungua, na wanaopenda kuzamia kuliko kusafiri hupendelea miezi hiyo. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga, na karibu miezi hiyo hiyo, hadi Mei, ndiyo ya konyeza, viumbe laini wa baharini wenye sumu kali, ambao kwao kila anayeingia majini hushauriwa kuvaa vazi jepesi la kufunika mwili mzima. Sisi tulichagua Agosti kwa ajili ya upepo na nyangumi. Maji yalikuwa ya baridi kuliko tulivyodhani, yapata nyuzi 22, na bila mavazi mazito ya kuzamia watoto wasingekaa majini zaidi ya dakika kumi. Nyangumi wenye nundu tuliwaona mara tatu, mama na ndama wake mara moja, nasi tukashusha tanga na kukaa mbali zaidi ya mita 300 kama kanuni inavyotaka.

Sasa nifike kwenye ufuo ambao huuza likizo hizi zote. Whitehaven una urefu wa kilomita 7, na mchanga wake ni silika (madini yanayotengenezewa kioo) kwa takriban asilimia 98, mweupe hata machozi hutoka usipovaa miwani, na kwa sababu ya silika hiyo hauchomi nyayo hata saa saba mchana. Ncha yake ya kaskazini inaitwa Hill Inlet. Hapo maji ya mlango wa bahari hujichanganya na mchanga na kuchora mikunjo ya buluu na nyeupe ambayo kila mtu ameiona katika picha. Mikunjo hiyo huonekana vizuri maji yanapokupwa. Lakini kilima cha kuitazamia hupandwa kutokea Tongue Bay, na Tongue Bay ina tambarare ya matumbawe mbele ya ufuo wake, ambayo boti ndogo haiwezi kuivuka salama isipokuwa katika saa chache kabla au baada ya maji kujaa. Kwa maneno mengine, saa ya kufika na saa ya kuona hazikutani. Nimekutana na watu waliopanda kilima kile maji yakiwa yamejaa kabisa, wakaona ghuba moja ya buluu isiyo na mkunjo wowote, wakashuka wamenuna. Na wengine tuliwaona kwa macho yetu wakiburuta boti yao juu ya matumbawe kwa sababu walikaa kileleni mno.

Mwalimu alikuwa ametuandalia jibu. Siku yetu maji yalijaa saa nne asubuhi. Tulingoja chomboni hadi karibu saa tano na nusu, tukashuka ufuoni, kaka yangu akairudisha boti kwenye kina na kukaa humo na kitabu chake, sisi tukapanda. Kufikia saa sita na nusu mchanga ulikuwa umeanza kutokeza, kwanza kama kivuli chini ya maji, kisha kama ulimi mmoja mweupe, kisha wa pili. Hatukuiona picha kamili ya maji yaliyokupwa, lakini tuliiona ikizaliwa, na nadhani ni bora zaidi. Mke wangu alikaa juu ya mbao za kile kilele bila kusema neno kwa dakika ishirini, na si desturi yake. Tuliposhuka, boti iliweza kutufikia ikiwa na kina cha magoti chini yake, na saa tisa tulikuwa tumetia nanga upande wa kusini wa Whitehaven, ambako kilima hupunguza nguvu ya upepo. Kama kampuni isingetufundisha hesabu hiyo, tungelipa gharama ile ile na kuona nusu ya kilicholipiwa.

Kuhusu matumbawe nitasema kwa urefu, kwa kuwa ndiyo yaliyotupeleka. Mpangaji wa likizo anapaswa kujua kwanza kwamba miamba anayoizamia katika visiwa hivi ni ile iliyovizunguka visiwa vyenyewe, kama pindo la nguo. Miamba ya nje ya Great Barrier Reef, ile safu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, kama Hardy Reef, iko mbali baharini, na vyombo vya kukodi bila nahodha kwa kawaida haviruhusiwi kufika huko. Hapa ndipo lawama yangu ya kwanza inapoangukia. Tangazo la kampuni lilipambwa kwa picha iliyopigwa kutoka angani ya mwamba mdogo wenye umbo la moyo, ulioko Hardy Reef, mwamba ambao hata anayefika huko kwa boti hauoni umbo lake, kwa kuwa huonekana kwa ndege tu. Hakuna neno lililosema kwamba chombo tunachokodi hakitafika. Watoto walikuwa wamebandika picha ile ukutani miezi mitatu. Ilikuwa kazi yangu kuwaeleza, na haikupaswa kuwa kazi yangu.

Hata hivyo, ghuba za kaskazini mwa Hook, ambazo kisiwa chenyewe huzikinga na upepo wa kusini mashariki, zilitupa siku mbili ambazo sitazisahau. Butterfly Bay na Manta Ray Bay zina maboya ya umma ya kufungia vyombo, yenye utepe wa rangi unaoonyesha urefu wa chombo na nguvu ya upepo ambavyo boya linaweza kuvihimili, na mengi yana kikomo cha saa mbili mchana ili wengine nao wapate nafasi. Kuna pia maboya meupe yenye umbo la piramidi. Haya si ya kufungia. Yanachora mstari, na kati ya mstari huo na ufuo hairuhusiwi kutia nanga, kwa sababu nanga moja na mnyororo wake unaozunguka na mkondo huweza kusaga kwa usiku mmoja matumbawe yaliyochukua miongo kuota. Tuliona wageni wawili wakitia nanga ndani ya mstari, na wote wawili walihama kwa adabu walipoelezwa. Hawakuwa wamefundishwa.

Chini ya maji, hali ni ya mchanganyiko, na tathmini ya kweli haina budi kusema hivyo. Kimbunga Debbie kilipiga eneo hili tarehe 28 Machi 2017 na kuvunjavunja miamba ya kaskazini mwa Hook, na katika miaka ya 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024 joto la bahari lilisababisha matumbawe ya Great Barrier Reef kupauka kwa upana mkubwa. Matumbawe hupata sehemu kubwa ya chakula chake na rangi yake kutoka kwa mimea midogo mno inayoishi ndani yake. Maji yakikaa na joto la kupita kiasi kwa wiki kadhaa, huifukuza mimea hiyo, yakabaki meupe, na yasipopoa kwa wakati hufa kwa njaa. Pale Manta Ray Bay niliona marundo ya vipande vilivyovunjika, yamefunikwa na mwani. Juu ya marundo hayo hayo niliona matumbawe machanga yenye matawi, mengine makubwa kama sahani, ya rangi ya zambarau nchani. Chaza wakubwa walikuwepo na midomo yao ya buluu, pono walisikika wakitafuna mwamba, kasa mmoja alipumua karibu na ngazi yetu, na samaki mmoja mkubwa wa kijani na buluu, mwenye nundu kwenye paji la uso, alimfuata mtoto wa miaka 14 kama mbwa anayemfuata mwenyewe. Anayetarajia bustani isiyo na jeraha atasikitika. Anayetaka kuona mwamba unavyojiponya atapata cha kutazama kutwa nzima.

Uangavu wa maji ulitofautiana sana. Tulifika wakati wa bamvua, mikondo ikiwa na nguvu na kuinua tope, na siku za mwanzo hatukuona mbali zaidi ya mita 5. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo na mikondo hulegea, yalipoingia mwishoni mwa wiki, uangavu ulikuwa karibu mara mbili. Hili kampuni ililijua na ililisema, lakini ililisema siku ya mafunzo, tarehe zikiwa zimekwisha kulipiwa. Linapaswa kuandikwa katika ukurasa wa kuwekea nafasi.

Lawama ya pili ni juu ya boti ndogo ya mpira. Siku ya tatu, pale Butterfly Bay, mashine yake ilikataa kuwaka. Tulipiga makasia hadi chomboni, na upepo ukiwa wa kutoka ufuoni kuelekea bahari wazi, haikuwa kazi ya kuchezea. Tulipoita kwa redio, fundi alifika kwa boti ya kasi katika muda wa saa tatu na kuitengeneza, na kwa hilo nawashukuru. Lakini jioni nilipofungua daftari la chombo, nilikuta aliyekodi kabla yetu ameandika tatizo lilo hilo, kwa mwandiko unaosomeka, siku mbili kabla ya sisi kukabidhiwa. Katika likizo ya visiwani boti ndogo ndiyo miguu yako. Chombo kikubwa chenye jiko zuri na boti isiyowaka ni gereza lenye mandhari. Niliporejea niliwaonyesha ukurasa ule. Waliomba radhi na kurudisha sehemu ya malipo bila mabishano.

Mengine nayataja kwa ufupi. Katamarani ililala kwa utulivu nangani na kuwafaa watoto na shemeji yangu, ambaye tumbo lake haliafikiani na bahari, ila kwenda bisho, yaani kuelekea upepo unakotoka, ilikuwa ya uvivu. Siku tuliyorudi maji yakijaa kuelekea kusini dhidi ya upepo wa kusini mashariki, mawimbi yalisimama wima na mafupi, na ilitubidi kutumia mashine kwa muda wa saa mbili. Mtu anayependa tanga kuliko starehe achukue chombo cha mwili mmoja. Maji ya kunywa na kuogea yalitosha kwa kuyahesabu. Miwani ya kuzamia ilikuwa mizuri kwa watu wazima na mikubwa mno kwa mtoto, hivyo wenye watoto walete yao. Kaka yangu, mpenzi wa ndoana, alilazimika kufungua ramani ya kanda za hifadhi kila alipotaka kuvua, kwa maana katika kanda ya kijani kuvua ni marufuku, na aliridhika alipoona samaki wa kanda hiyo walivyo wakubwa.

Kwa anayeanza kupanga, ningependa aiulize kampuni maswali haya kwa maandishi kabla ya kulipa: mafunzo huchukua muda gani na hutolewa na nani, mipaka ya chombo ni ipi kwenye ramani, mashine ya boti ndogo ilikaguliwa lini, na tarehe anazozitaka ni za bamvua au za maji mafu. Majibu ya swali la kwanza yatamwambia karibu yote.

Sisi tumekwisha kuweka nafasi ya kurudi, kwa kampuni ile ile na kwa sharti la kufundishwa tena na mwalimu yule yule. Safari hii ni Oktoba, siku nane, na aliyechagua tarehe ni yule mtoto mwenye jedwali: tutaanzia kaskazini mwa Hook maji mafu yakiwa yametulia, na tutafika Tongue Bay bamvua linapoanza.